MREJESHO: Tangi la samaki wa bahari hapa Mbeya

Wakuu, niliuliza kama samaki wa bahari wanaweza kuishi sebuleni huku Mbeya na baridi hii. Wanaishi, tena vizuri! Asanteni sana mlionisisitiza nisiwe na haraka. Niliacha maji yazunguke kwenye mawe kwa wiki kadhaa ili bakteria wazaliane, hadi amonia na naitraiti, sumu mbili ambazo bakteria hao huziondoa, zikasoma sifuri. Ndipo nikaleta samaki wawili aina ya clownfish, wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Yule mkubwa, ambaye kwa aina hii ndiye jike, hufuata kidole changu kwenye kioo kila nikikaribia na chakula.

Kazi kubwa ni joto. Wanataka nyuzi 25 hivi, na usiku wa Julai huku mnaujua. Umeme ukikatika nalivisha tangi blanketi, na pampu ya betri inaendelea kupuliza hewa.

Chumvi ni ile maalumu ya bahari, gramu 35 hivi kwa lita. Ya jikoni haifai. Maji yakipungua naongeza yasiyo na chumvi wala klorini, maana chumvi haiondoki na mvuke.

Sasa natafuta kipimo cha naitreti (si naitraiti; hii ni ile inayobaki bakteria wakishamaliza kazi). Nani anauza huku Nyanda za Juu?