Ulaya wakiacha kubadili saa, wabaki na saa ipi? Na ratiba zetu je?

mshale_mfupi
Wakuu, salaam. Tarehe 29 Machi 2026 Ulaya inasogeza saa mbele, na tofauti ya Nairobi na Berlin inashuka kutoka saa mbili hadi saa moja. Bunge la Ulaya lilishapiga kura Machi 2019, 410 kwa 192, utaratibu huu ukome 2021. Mpaka leo bado upo. Naomba wanaolijua jambo hili wanifafanulie: kuacha kuna faida kweli, na kama ipo, kipi kibaki, saa ya kiangazi (ile iliyosogezwa mbele) au ya kawaida? Pili, mwenye vikao vya kila wiki na Berlin na New York ajipangeje?

jua_la_utosi
Waache, na ibaki saa ya kawaida, ile ya majira ya baridi. Mwili hurekebishwa na mwanga wa asubuhi. Mwishoni mwa Desemba jua la Berlin huchomoza 08:16, saa mbili na robo asubuhi. Wakiganda kwenye saa ya kiangazi litachomoza saa tatu na robo, wakati wanafunzi wameshakaa darasani gizani zaidi ya saa nzima.

Limeshajaribiwa. Januari 1974, wakati wa uhaba wa mafuta, Marekani ilianza saa ya kiangazi mwaka mzima. Wazazi walilalamika watoto kwenda shule gizani, na kufikia Oktoba mwaka uleule sheria ikabadilishwa ili majira ya baridi yarudi kwenye saa ya kawaida. Urusi nayo iliganda kwenye saa ya kiangazi 2011, ikaiacha 2014.

Kwetu jambo hili ni gumu kulihisi kwa sababu Nairobi urefu wa mchana haubadiliki hata kwa nusu saa mwaka mzima. Saa moja asubuhi ikabaki kuwa saa ya kwanza ya mchana, Januari na Julai. Berlin mchana wa Juni unakaribia saa 17, wa Desemba haufiki 8.

daftari_la_zamu
Mkuu, hesabu yako ya Desemba ni sahihi, ila umeiacha Juni. Leo Berlin jua la Juni huchomoza 04:43. Ukiondoa saa ya kiangazi ni 03:43, saa tisa na dakika 43 usiku, watu wamelala. Mwanga huo unapotea bure, na jioni jua linazama saa nzima mapema. Kwa nchi za kaskazini, kubadili kuna maana yake.

Kilichokwamisha si kura ya bunge. Ni serikali za nchi wanachama kutokubaliana. Kila nchi ingechagua saa yake, kwa hiyo jirani wawili wangeweza kupishana saa nzima mpakani, treni na malori yakivuka kila siku. Ireland ina shida zaidi: Uingereza imetoka Umoja wa Ulaya, kwa hiyo kisiwa kimoja kingeweza kuwa na saa mbili. Na yale maoni ya wananchi yaliyokusanywa na Umoja wa Ulaya 2018, milioni 4.6, asilimia 84 wakitaka kuacha, karibu milioni tatu yalitoka Ujerumani peke yake.

fundi_seva
Nijibu la vikao. Mwaliko wa kalenda hufuata kanda ya saa iliyowekwa ndani yake. Kikao cha saa 10:00 cha Berlin ni saa sita mchana Nairobi wakati wa baridi, saa tano wakati wa kiangazi. Ukikiandika kwa kanda ya Africa/Nairobi, wewe hutasogea, watasogea wao. Amueni mapema nani asogee.

Wiki za hatari ni zile ambazo upande mmoja, Marekani au Ulaya, umebadili na mwingine bado: 8 hadi 29 Machi 2026, kisha 25 Oktoba hadi 1 Novemba, Ulaya ikitangulia kurudi. Chukua kikao cha 09:00 New York. Kabla ya 8 Machi ni 17:00 Nairobi na 15:00 Berlin. Tarehe 8 kinakuwa 16:00 na 14:00. Tarehe 29 Berlin inarudi 15:00, Nairobi haiguswi. Na mkiandikiana, tumieni saa 24. Ukiandika "saa nne" peke yake, mmoja atasoma 10:00, mwingine 04:00.

Kwenye seva, kazi iliyopangwa 02:30 saa za Berlin inaleta balaa. Usiku wa Machi saa inaruka kutoka 02:00 hadi 03:00, kwa hiyo 02:30 haipo, na kazi inaweza isifanyike. Oktoba 02:30 inakuja mara mbili, malipo yakatumwa mara mbili. Weka seva kwenye UTC (saa ya kimataifa isiyobadilika kwa majira), au epuka kati ya 02:00 na 03:00. Kuhakiki saa inabadilika lini, tumia amri hii ya Linux: `zdump -v Europe/Berlin | grep 2026`

mshale_mfupi
Asante sana. Miadi ya mwakani niihifadhi kwa UTC pia?

fundi_seva
Hapana. Yaliyopita hifadhi kwa UTC. Miadi ijayo hifadhi saa ya mahali pamoja na jina la kanda, mfano 10:00 Europe/Berlin. Sheria ikibadilika katikati, UTC uliyokwishaipigia hesabu inakuwa na kosa la saa nzima. Lebanon Machi 2023 serikali iliahirisha kubadili saa siku chache tu kabla; simu nyingi zikasogea zenyewe, taasisi zingine zikakataa kufuata, nchi ikawa na saa mbili mpaka uamuzi ukafutwa. Kwa hiyo sasisha pakiti ya tzdata (yenye kanuni za saa za kila kanda), na kumbuka Java, lugha ya programu, ina nakala yake ya peke yake: ukisasisha mfumo tu, hiyo inabaki na kanuni za zamani.