Wauzaji wa udongo wa polima, acheni kuuza kwa picha za rezini!

Wakuu salaam. Huu uzi ni wa hasira na sitaupunguza makali. Kwa wageni: udongo wa polima ni plastiki laini ya kukanda, unaitengeneza umbo kisha unaioka ovenini iwe ngumu.

Kila siku zinawekwa picha za hereni za "kioo", zinapitisha mwanga kama chupa ya soda, na chini maneno: "udongo wa polima, rahisi, unaoka nusu saa tu". Uongo! Ile ni rezini, plastiki ya majimaji inayoganda, iliyomiminwa kwenye fremu ya waya. Udongo wa kukanda, hata ule unaopitisha mwanga, haufiki hapo. Ukiufanya bapa la milimita 1 unapendeza, kama kipande cha chupa kilichosuguliwa na mawimbi. Kwenye milimita 5 unakuwa kama mshumaa. Mteja anaoka shanga nene, inatoka na ukungu, mnamwambia hana mkono wa kazi. Mkono wake hauna kosa.

Kinachokaribia kioo ni polima ya kumimina, kama Fimo Liquid au Liquid Sculpey ile ya Clear, nayo ina masharti msiyowaambia watu. Mimina juu ya kioo safi au kigae kinachong'aa, unene usizidi milimita 1. Acha dakika 15 mapovu yapande, yatoboe kwa sindano. Oka nyuzi 130 kwa dakika 20. Itatoka bado na utando kama maziwa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakakimbilia vanishi. Uwazi unakuja joto likipanda kuelekea 150: pitisha kipuliza hewa ya moto umbali wa sentimita 10 hivi, usikitulize sehemu moja, mpaka maziwa yapotee unayaona. Ikianza kutokota au kutoa moshi, umepitiliza. Upande uliolalia kioo hung'aa wenyewe bila kupakwa chochote. Ukitaka unene, ongeza tabaka jingine uoke tena.

Rangi ni wino wa spiriti, tone 1 kwa kijiko cha chai. Koroga taratibu, kisha acha wazi mpaka harufu ya spiriti iishe kabisa, maana ikibaki ndani itachemka ovenini na kuacha matundu. Rangi za maji nazo zina shida hiyohiyo.

Sasa hili la kupaka rangi ya kucha ili "ing'ae kama glasi". Nani aliwafundisha? Udongo huu ni PVC, ukoo mmoja na mabomba ya maji, ila umetiwa kilainishi. Viyeyusho vya rangi ya kucha, na vya vanishi nyingi za kupuliza, vinaushambulia. Hereni inaondoka dukani inameta, baadaye inaanza kunata, inashika vumbi na nyuzi za nguo, na hairudi tena. Paka vanishi ya maji, au sugua kwa msasa wa maji namba 400, 600, 1000 hadi 2000, umalizie na kipande cha jinzi.

Halafu kuna wanaoshauri kuchemsha kwenye sufuria! Maji yanachemka kwenye 100. Chapa za udongo zenyewe: Fimo inataka 110, Premo 130, Kato 150. Kilichochemshwa kinaonekana kigumu, lakini bapa lililoiva sawasawa hukunjika. Likikatika kama biskuti, halikuiva. Na msiamini namba za kwenye kitufe cha oveni. Weka kipimajoto ndani. Oveni ndogo za mezani hupandisha joto ghafla, na udongo unaopitisha mwanga ndio wa kwanza kugeuka njano, kwa hiyo funika kazi kwa foili na uiweke mbali na waya za moto. Ikitoka, itumbukize kwenye maji ya barafu, inasaidia uwazi.

La mwisho, mzigo uliopikwa na jua. Pakiti ikikaa kwenye stoo ya bati, joto linaanza kuuivisha udongo taratibu. Ukiukanda unamong'onyoka kama mkate mkavu. Punje zilizoiva hazilainiki kwa mafuta yoyote, na kwenye kazi ya kioo zinaonekana kila moja. Mnauza hizo kwa bei kamili! Wanunuzi, bonyezeni pakiti kwa kidole kabla ya kulipa. Isipobonyea, iacheni.

NYONGEZA: Aliyeuliza kuhusu vimwezi vyeupe (vidoa kama mwezi mchanga) ndani ya bapa: ni hewa na unyevu. Kausha mikono, na ukipitisha udongo kwenye mashine ya tambi kuutandaza bapa, tanguliza upande wa mkunjo ili hewa itoke nyuma. Na aliyeuliza kuhusu moshi: PVC ikiungua inatoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inachoma macho na koo. Zima oveni, fungua madirisha, wote tokeni nje mpaka hewa isafike.