Tuzo ya taifa ya sayansi: tupime makala ya jarida au kitu kinachofanya kazi?

Wakuu, tangu Wizara ya Elimu ya Tanzania itangaze shilingi milioni 50 kwa mtafiti wetu anayechapisha kwenye jarida la kimataifa lenye hadhi ya juu, wengi tunabishania kiasi. Mimi nahoji kipimo chenyewe.

Mchukueni Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Chujio lake la maji linaunganisha mchanga na nanoteknolojia, na linarekebishwa kufuata uchafu wa maji ya mahali husika. Mtu yeyote aliyekulia Arumeru haelezwi floridi (madini yanayozidi kwenye maji ya huko) ni nini, anaiona kwenye meno ya kahawia ya majirani. Mwaka 2015 chujio hilo lilipata Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Kwa kipimo cha jarida, chujio halina alama hata moja. Alama ni za karatasi inayolielezea.

Halafu kuna Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, haiwezekani. Alipofika Sekondari ya Mkwawa, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia. Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar, alipotembelea shule hiyo, Mpemba akamuuliza, huku wenzake wakimcheka. Osborne akaenda kujaribu maabara, na makala yao ikatoka 1969. (Wapo waliokuja kulipinga jambo lenyewe mwaka 2016. Sawa, ndiyo sayansi.)

Najua mtaniambia: bila jarida, nani angemjua Mpemba? Kweli kabisa. Tena jarida lina wahakiki wasiojua wewe ni mtoto wa nani, na kwa nchi ya kujuana kama yetu hilo si dogo. Kwa hiyo sisemi lifutwe. Nasema pawe na dirisha la pili: kifaa kikaguliwe kikiwa kazini, kijijini au kiwandani, na wanaokitumia wahojiwe.

MAKISATU (Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) ipo tangu 2019 na inaibua wabunifu, lakini ni mashindano, si heshima ya taifa kwa kazi ya miaka.

Sasa anayetetea jarida pekee anijibu: fundi aliyesomea chuo cha ufundi cha VETA, aliyebuni mashine inayotumika kata nzima, na hajawahi kuandika makala, aingilie mlango upi?