Msaada: rangi ya tenki la pikipiki ya Boxer imekunjamana kama utando wa maziwa, nifanyeje?

Kwetu Mbagala
Wakuu habari za usiku. Naombeni msaada wa haraka, tangu jana sijalala vizuri. Nimefungua tenki, makava mawili ya pembeni na madigadi ya mbele ya Boxer ili nipige rangi mwenyewe hapa nyumbani, ndiyo mara ya kwanza. Nimepiga msasa, nimefuta vumbi, nimepuliza nyekundu ya kopo la kupuliza. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, ulikaa safi kabisa. Mkono wa pili, hata dakika tano hazijaisha, tenki likaanza kujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Makava yamekunjamana pembezoni tu. Madigadi haikukunjamana ila ina vitundu vya duara, rangi imekimbia na katikati plastiki inaonekana. Klia (ile angavu ya kung'arisha juu) na hadina (kigumishi chake) nimeshanunua. Nikipiga klia nzito mikunjo itajificha? Nina siku nne tu. Natanguliza shukrani.

Nyundo ya Gerezani
Achana na makopo, azima kompresa. Bunduki ya kupulizia rangi yenye tundu la milimita 1.3 au 1.4, presha kama baa 2 ukiwa umebonyeza, umbali wa sentimita 15 hadi 20. Klia nyingi za magari ni sehemu mbili kwa moja ya hadina, na tina ya kuilainisha asilimia 5 hadi 10, ila soma ubavu wa kopo maana zipo za nne kwa moja. Usizidishe hadina ukidhani itakauka haraka. Klia inakuwa ngumu isiyopinda na inapasuka. Ukiipunja inabaki laini, kucha inaingia. Kwenye bampa la gari ndiyo utaona tofauti, kopo la kawaida ni vigumu kumwaga klia inayolala kama kioo, na bampa linapinda kwa hiyo…

Msasa Mia Sita
Nyundo, hajauliza habari za bampa. Kwetu Mbagala, jibu la swali lako ni hapana. Klia haifichi kitu, inang'arisha kila kosa lililo chini yake. Halafu klia ya hadina ina tina kali, ikitua juu ya rangi iliyokwisha kujikunja itaifumua zaidi. Usiipige.

Mara nyingi mkunjo kama huu hauletwi na kopo wala bunduki, unaletwa na kilicho chini ya rangi. Naomba majibu manne: msasa namba ngapi? Umefutia nini? Praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, umepiga? Na chini ya hiyo nyekundu kuna rangi gani?

Tandika Stika
Kwa siku nne piga stika ya vinili tu mkuu. Osha, pasha kwa draya ya nywele, vuta, kata kwa wembe. Jumamosi unatembea.

Msasa Mia Sita
Stika juu ya rangi laini itang'oka na rangi yake. Tusubiri majibu.

Kwetu Mbagala
Msasa namba 120. Nimefutia petroli. Praima sikuona haja, rangi ya kiwandani ilikuwa bado imeshika vizuri. Chini kuna nyeusi. Na nyekundu nimetumia kopo moja tu la mililita 400 kwa vyote, mikono miwili, na limebaki kidogo.

Hesabu Kwanza
Hapo nimesimama. Kopo la mililita 400 linaficha kama mita moja hadi moja na nusu ya mraba, tena kwa mkono mwembamba. Ukijumlisha tenki, makava na madigadi ya pikipiki hiyo unakaribia mita moja. Mikono miwili ya nyekundu juu ya nyeusi bila praima ya kijivu au nyeupe, kwa kopo moja, halafu libaki? Nyekundu ni rangi dhaifu kuficha, juu ya nyeusi inatoka kama damu ya mzee. Pia rangi ya kiwandani imeokwa, kwa kawaida haikunjiki kwa tina ya kopo. Hii ni chai, stori ya kutunga.

Tandika Stika
Nami nimeshangaa. Hakuna hata picha. Huenda ni muuza klia anatafuta wateja.

Nyundo ya Gerezani
Petroli kufutia rangi… mtu aliyefungua tenki kwa mikono yake anajua harufu yake. Weka picha, la sivyo uzi ufungwe.

Bi Sauda wa Temeke
Msimhukumu mapema. Mwanangu, sema ukweli wote, hapa hakuna anayekujua. Mgonjwa akimficha daktari anajiumiza mwenyewe.

Kwetu Mbagala
Si chai wakuu. Picha simu inakataa kupandisha, nimejaribu mara tatu.

Haya nasema. Pikipiki ni ya shemeji, yuko safari, anarudi Jumamosi. Iliniangukia kwenye changarawe, tenki likachubuka eneo la ukubwa wa kiganja mpaka bati, na makava yakapata mistari. Kulikuwa na rangi nyeusi ya mafuta iliyobaki tulipopaka geti. Nikaipunguza kwa petroli, nikapaka kwa brashi tenki zima na makava ili ifanane. Ilikauka na alama za brashi. Siku ya tano nikapiga msasa wa 120 juu yake, nikapuliza nyekundu ionekane nimempambia. Makava nilipuliza mbele tu, na nyeusi bado inaonekana kwenye kona, ndiyo maana kopo limetosha. Sikusema kwa sababu niliona rangi ni rangi, ikishakauka imekauka.

Hesabu Kwanza
Sasa hesabu imekaa. Naondoa neno langu, na samahani.

Msasa Mia Sita
Ahsante kwa kusema, maana kila kitu kiko hapo kwenye geti.

Rangi ya mafuta haikauki kama ya kopo. Ya kopo inakauka kwa tina kuruka. Ya mafuta inavuta hewa na kujifunga kuanzia juu kwenda chini. Siku ya tano ukiigusa ni kavu, lakini chini ya ngozi bado ni uji, na wewe uliipunguza kwa petroli kwa hiyo ndiyo kabisa. Mkono wa kwanza wa nyekundu ulikuwa mwembamba, tina yake ikaruka kabla haijazama. Wa pili ulikuwa mzito, tina ikapenya ngozi, uji wa chini ukavimba. Kwa kuwa umeshikwa pembeni na hauna pa kwenda, unapanda juu. Ndiyo mikunjo. Makava yamekunjamana pembezoni kwa sababu brashi huacha rangi nene kwenye kingo.

Madigadi hukuipaka mafuta, sivyo? Ile ina ugonjwa mwingine: macho ya samaki. Kuna silikoni, kwa kawaida inatoka kwenye dawa ya kung'arishia matairi na plastiki. Petroli haiiondoi, inaitandaza.

Kwetu Mbagala
Kweli madigadi sikuipaka, na dawa ya kung'arisha tulikuwa tunapaka kila wiki. Lakini wakuu, siwezi kuacha vikauke juani siku mbili, nipige msasa juu juu, niendelee na nyekundu? Makopo mengine mawili nimeshanunua. Na klia nitapulizia chumbani, kwa sababu nje kuna vumbi. Dirisha nitafungua.

Bi Sauda wa Temeke
Chumbani hapana! Hiyo klia ya hadina ina kemikali inayoharibu mapafu, mtu anaweza kupata pumu asiyokuwa nayo, na ikishakuingia safari nyingine hata harufu kidogo inakubana kifua. Barakoa ya kitambaa haizuii, hata ile ya bluu ya hospitali haizuii. Inatakiwa barakoa ya mpira yenye makasha ya mkaa kwa ajili ya mvuke, pamoja na kichujio cha chembe mbele yake, glavu na miwani. Kama huna, mpe mwenye nayo apige klia. Na mvuke wa rangi ukikutana na moto wa jiko au cheche ya swichi unalipuka. Watoto wanalala humo?

La pili, mpigie shemeji yako leo. Kitu cha mtu kikiharibika mkononi mwako, aliyekuazima asikie kwako kabla hajakiona. Kadi ya pikipiki ina sehemu ya rangi. Imeandikwa nyeusi, wewe unairudisha nyekundu, trafiki akilinganisha anasimamishwa yeye. Kubadili rangi kunaenda na kubadili taarifa TRA, Mamlaka ya Mapato.

Kwetu Mbagala
Watoto wanalala humo, ndiyo. Basi chumbani sipulizi. Ila kumpigia… nilitaka akute imependeza kwanza.

Nyundo ya Gerezani
Itapendeza ikirudi nyeusi. Nyekundu ungemaliza makopo manne na bado rangi ya geti ingekuwa chini inasubiri. Msasa, mpe kazi.

Msasa Mia Sita
Kabla ya yote: tenki umelimwaga? Toa petroli yote, funga koki, acha kifuniko wazi nje kwenye hewa masaa kadhaa, halafu kifunge ukizibe kwa tepu ya karatasi. Hakuna sigara, hakuna jiko karibu.

Kisha jaribu hivi kwenye tenki la bati TU. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, loweka tina ya magari, kiweke juu ya mkunjo nusu dakika, halafu kwangua na kadi ya zamani ya benki. Usitumie kisu. Kama hukupiga msasa kabla ya ile ya geti, ilikaa juu ya gamba linalong'aa la kiwandani na itabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Pangusa haraka, usiloweke, na stika zikikutana na tina zinayeyuka.

Kwenye plastiki usiguse tina wala asetoni, inayeyusha plastiki ya ABS ikawa gundi. Kwangua kwa kadi, kinachobaki piga msasa 320 wa maji wenye tone la sabuni ya vyombo. Bila maji rangi changa inajaza msasa na utabaki unasugua kwa rangi yenyewe. Geuza kila kipande usome nyuma alama ya aina ya plastiki, kama ABS au PP.

Kwetu Mbagala
Nimerudi. Tenki limekubali! Limetoka mapande mapande, nyekundu na ya geti pamoja, chini nyeusi ya kiwandani inang'aa. Kitambaa kimetoka na rangi ya geti tu, cha pili kimetoka cheupe. Limebaki lile eneo la kiganja lenye bati, na mikwaruzo ya 120 karibu na kifuniko pale msasa ulipotoboa. Kava lina alama ya ABS. Madigadi ina PP. Na nimempigia shemeji. Amenyamaza kidogo, akasema nyeusi ileile, nisiguse injini.

Msasa Mia Sita
Umeokoa tenki. Sasa kazi ni ndogo.

Bati usiliache wazi usiku, kwa unyevu wa Dar asubuhi utakuta kutu ya chungwa. Chonga kingo za mchubuko kwa 320 mpaka kidole kikipita ukiwa umefumba macho kisihisi ngazi. Upanue mara mbili ya mchubuko. Kama kuna shimo, lizibe kwa puti nyembamba, si zaidi ya milimita mbili tatu. Osha kwa sabuni ya vyombo, suuza, kausha, futa kwa spiriti kwa vitambaa viwili: kimoja kinalowesha, cha pili kinafuta kabla haijakauka. Praima ya chuma mikono miwili myembamba, dakika kumi katikati, iache mpaka kesho, kisha 600 ya maji.

Tenki lote lililobaki lififishe kwa 800 hadi 1000 ya maji, mpaka lisiwe na doa linalong'aa. Nyeusi piga kwenye eneo la praima tu, lakini klia ipigwe tenki zima hadi ukingoni. Ukiikatiza katikati, mstari wake utaonekana daima. Na iwe klia ya hadina kweli, si ya kopo la kawaida, kwa sababu pale kifunikoni petroli humwagika kila anapojaza, na klia ya kawaida inalainika na kunata.

Hesabu Kwanza
Na kopo litikise dakika mbili baada ya gololi kuanza kugonga. Umbali sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza nje ya kipande, malizia nje, kila mstari uuvamie uliotangulia nusu. Mkono wa kwanza uwe kama ukungu tu, usijaribu kuficha. Piga asubuhi umande ukishakauka, kabla upepo wa bahari haujaanza kurusha vumbi, na mwagia maji sakafu. Mvua ikikaribia acha, unyevu unaifanya rangi iwe na ukungu mweupe.

Msasa Mia Sita
Kava la ABS: 600, spiriti, praima ya plastiki, nyeusi, klia. Madigadi ya PP ndiyo korofi, rangi haiipendi kabisa. Ioshe mara tatu kwa sabuni na maji ya moto, kila mara kwa sponji mpya, ili silikoni iondoke, na praima iwe ile iliyoandikwa kwamba inashika PP. Usipoipata Kariakoo, irudishe kwenye plastiki yake tupu uiache hivyo. Haitapendeza sana lakini haitabanduka.

Kwetu Mbagala
Klia nimempa fundi wa gereji ya jirani mwenye barakoa ya makasha, atapiga Alhamisi jioni. Nikirudishiwa Ijumaa naweza kufunga tenki na kujaza mafuta Jumamosi?

Msasa Mia Sita
Kufunga, ndiyo, taratibu, weka kitambaa pale fremu inapogusa. Mafuta mjaze kidogo kwa faneli na kitambaa kizunguke tundu. Klia inashikika baada ya siku moja, lakini inachukua kama wiki kukomaa. Mwambie shemeji asiweke mfuko wa tenki wala asipake nta mwezi mzima, na petroli ikidondoka aifute palepale.

Kwetu Mbagala
Nimemtumia ujumbe huu wote kama ulivyo. Amejibu: "Sawa. Faneli iko chini ya kiti."