Tupeane uzoefu: mlifikaje Lamu, na mlizungukaje kisiwa kisicho na magari?

MsafiriVoi
Wadau, salamu. Maulidi yakikaribia, jamaa zangu wa bara hunijia na maswali yale yale: gari linaishia wapi, mizigo inabebwa na nani, kijiji cha Shela ni mbali? Naomba waliowahi kufika na wenyeji wenyewe waeleze yaliyowakuta. Bei tuziache, maana hubadilika kila msimu.

Naanza mimi. Huwa naenda kwa basi kutoka Mombasa. Unapita Malindi, Garsen, Witu na Hindi, kisha Mokowe, na hapo ndipo barabara inapokoma. Kipande cha Garsen kwenda Lamu siku hizi ni lami. Mvua haikulazi tena njiani, lakini vizuizi vya usalama bado vipo na abiria hushushwa wakaguliwe, kwa hiyo weka kitambulisho karibu na upande basi la alfajiri ufike mchana. Mokowe utakuta boti za abiria na boti za kukodi. Mimi huchagua ya abiria. Naketi na walimu, mafundi, akina mama wanaotoka sokoni, na kabla hatujafunga gati nimeshajua mjini kuna nini.

BintiKisauni
Ahsante kwa kuanzisha. Mimi nilimpeleka mama yangu, magoti yanamsumbua, basi lingemtesa, tukaenda kwa ndege. Wanaokata tiketi wajue kwamba uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda. Ukishatua bado una mkondo wa kuvuka. Mizigo husukumwa kwa mkokoteni hadi gatini, halafu unapanda boti, na mji wa Lamu uko ng'ambo, safari ya dakika chache tu.

Tulipofika upande wa mjini maji yalikuwa yamepwa. Boti iko chini kabisa, ngazi za gati zimeota mwani na zinateleza, mama anazitazama tu. Vijana wawili wakaja, wakamwamkia, "Shikamoo mama, tupe idhini tukubebe." Wakashikana mikono, wakamketisha, wakampandisha taratibu hadi juu. Niliwashukuru sana, na walikataa kupokea zaidi ya ujira wa mizigo.

Jioni hiyo mwenye nyumba tuliyofikia alitufundisha saa za bahari, na hili ndilo nataka kila mwenye mzazi alishike. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi na hujaa kama saa kumi jioni. Kila siku inayofuata huchelewa kwa karibu saa nzima. Kuanzia hapo kila matembezi yetu tuliyapanga kwa maji kujaa. Boti ikisimama sawa na gati, mama alikuwa akivuka kama anavuka kizingiti cha mlango wake.

HamaliMstaafu
Binti yangu, Mungu akuzidishie kwa kumtazama mama. Mimi nimefanya kazi ya kubeba miaka mingi hapa Amu, yaani Lamu, niseme kuhusu punda.

Mji huu mawe, saruji, mchanga, magodoro, vyote hupita juu ya mgongo wa punda, kwa sababu vichochoro ni vyembamba na gari haliingii. Mgeni akitaka punda wa mizigo au wa kupanda mtu mzima asiyeweza kutembea, aombe kumwona punda kwanza. Atazame mgongoni na chini ya mkanda wa tumbo. Akiona kidonda, amkatae kwa upole na aseme sababu yake. Mwenye punda atasikia, kwani mteja akikataa ndipo kidonda kinapotibiwa. Hapa mjini kuna kituo cha matibabu ya punda kilichoanzishwa na The Donkey Sanctuary ya Uingereza mwaka 1987, na matibabu ni bure, hakuna udhuru. Tena msimpandishe watu wawili. Na ukiwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ukasikia kwato nyuma yako, jibanze ukutani umpishe, yeye ndiye mwenye mzigo.

Kalume_G
Shela kwa miguu ni kama kilomita tatu kwa kufuata pwani. Maji yakiwa yamepwa unatembea kwa raha, dakika arobaini hivi. Yakijaa, sehemu za karibu na Shela mawimbi hupiga hadi njiani, hapo panda boti. Mimi huenda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa boti.

MwanaWaFaza
Wengi wenu mnaishia Lamu na Shela, na kwetu kisiwani Pate mnakukosa. Boti za kwenda Mtangawanda, Siyu na Faza hupitia Mkanda, mlango mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara. Maji yakipwa, Mkanda hauna kina. Ndiyo maana ukiuliza "boti inatoka saa ngapi?" utajibiwa saa tofauti na ya jana. Hakuna anayekuzungusha. Uliza jioni iliyotangulia, gatini penyewe, ulale ukijua.

Ukishuka Mtangawanda, mji wa Pate uko mbele kwa mwendo wa mguu au bodaboda. Siyu kuna ngome, kaa usiku mmoja angalau, usije mbio mbio na kurudi.

BintiKisauni
Kaka MwanaWaFaza, na usalama je? Niliona boti moja imejaa hadi abiria wamekaa ukingoni.

MwanaWaFaza
Dada, hilo lipo na linatuumiza sisi wenyeji kwanza. Hesabu majaketi ya kuokolea kabla hujapanda. Yakipungua kuliko watu, shuka, ngoja nyingine. Usione haya. Na msimu wa kusi, Juni na Julai hasa, nje ya visiwa bahari huchafuka kwa mawimbi, usimshurutishe nahodha atoke kwa sababu wewe una ndege ya kuwahi.

Kalume_G
Anayetaka kuona magofu ya Takwa kule Manda aende kwa mashua ya tanga. Unaingia kwenye hori, mkono wa bahari wenye mikoko, maji yakijaa na unatoka kabla hayajapwa, kwa hiyo huna saa nyingi za kukaa. Safari yetu upepo ulikuwa mkali, nahodha akatuhamisha upande kwa upande pamoja na farumi, magunia ya mchanga yale, kila tulipogeuza tanga. Watoto wangu hadi leo wanajua foromali, mti unaoshika tanga, ni ipi na usukani unashikwaje.

MsafiriVoi
Nimefurahi sana. Swali la mwisho kutoka kwa shemeji yangu: bodaboda mjini zipo?

HamaliMstaafu
Zipo kisiwani, ila mji wa kale kaunti imezipiga marufuku, na naomba wageni mtusaidie kulishika hilo. Akikwambia atakuingiza ndani hadi mlangoni, mwambie akushushe pembezoni. Kutoka hapo chukua hamali mwenye mkokoteni, mpatane kabla hajainua mzigo, na umtajie jina la mtaa pamoja na la mwenye nyumba. Majina ya nyumba za wageni hubadilika, mwenye nyumba tunamjua.