Kanuni za Bunge zirekebishwe wapi ili utungaji wa sheria upate muda wake?

Mdadisi wa Dodoma
Ndugu zangu, ibara ya 64 ya Katiba ya Tanzania imelikabidhi Bunge mamlaka ya kutunga sheria, lakini anayefuatilia ratiba ya Dodoma ataona jinsi miswada inavyobanwa. Mkutano wa bajeti huanza Aprili hadi mwishoni mwa Juni, wizara moja baada ya nyingine. Mikutano mingine ni mifupi, na vikao vya asubuhi hutanguliwa na maswali. Je, Kanuni za Kudumu, ambazo Bunge hujitungia lenyewe, zibadilishwe vipi ili wabunge wachambue muswada kifungu kwa kifungu? Mimi nilifikiria kupunguza muda wa maswali.

Wakili wa Ilala
Ndugu Mdadisi, kikwazo kikubwa hutokea kabla muswada haujarudi ukumbini. Ukishasomwa mara ya kwanza, ambapo hakuna mjadala wowote, huenda kwenye kamati, na huko ndiko wadau husikilizwa, waziri huhojiwa na marekebisho hukubaliwa. Sheria hupikwa huko. Hati ya dharura iliyosainiwa na Rais, yaani ya kutaka muswada uharakishwe, inapoletwa, muda huo husinyaa hadi siku chache. Ndivyo ilivyokuwa Julai 2015 kwa miswada mitatu ya mafuta na gesi, Julai 2017 kwa miswada ya rasilimali na madini, na Juni 2019 kwa muswada mmoja uliorekebisha sheria nane kwa mpigo, zikiwamo za makampuni, takwimu, filamu na mashirika yasiyo ya kiserikali. Sheria za namna hiyo huishi miongo mingi, na mimi sioni mvuvi wa Mtwara au mwenye shirika dogo la kijamii angewezaje kuisoma, achilia mbali kuitolea maoni, kwa wiki moja. Napendekeza Kanuni zitake sababu ya dharura ielezwe na kupigiwa kura, na kamati ihakikishiwe angalau siku kumi na nne hata hapo.

Mkaguzi Mstaafu
Naunga mkono, isipokuwa maswali yasiguswe. Mwananchi ambaye zahanati yake haijakamilika hupata jibu la waziri kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, kupitia swali la msingi na la nyongeza, na jibu hilo humfunga waziri. Bajeti nayo ni utungaji wa sheria, kwa kuwa huishia katika Sheria ya Fedha, ambayo kila mwaka hubadilisha sheria kadhaa za kodi. Kinachopotea ni dakika za kuchangia zinazomalizika kwa pongezi na shukrani; Spika apewe nguvu ya kumrudisha mchangiaji kwenye vifungu.

Jirani wa Nakuru
Huku Kenya ibara ya 118 ya Katiba ya 2010 inalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi, na anayeona amepuuzwa huweza kwenda mahakamani kuomba sheria ibatilishwe. Kwenu, siku hizo kumi na nne zikiandikwa kwenye Kanuni pekee, si zitaondolewa kwa hoja ya kutengua kanuni, yaani ya kuiweka kanuni kando kwa muda?

Mdadisi wa Dodoma
Umegusa penyewe, ndugu yangu, kwani hoja za kutengua kanuni hupita hapa kwa urahisi mno. Basi suala la maswali naliacha, na pendekezo la Wakili liongezewe sharti: muda wa kamati usitenguliwe bila theluthi mbili ya wabunge wote, na majina ya waliounga mkono yaandikwe kwenye Hansard.