Projekti ya mwaka wa tatu baiokemia: sianidi kwenye muhogo au PCR? Naombeni ushauri

binti_maabara:
Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa tatu baiokemia, muda wa kuchagua projekti umefika na niko njia panda. Supavaiza anataka nipime sianidi (ile sumu ya muhogo) kwenye unga wa muhogo wa sokoni, makopa (vipande vilivyokaushwa) na udaga (uliochachushwa ukakaushwa), ila wenzangu wanakimbilia PCR, ile mbinu ya kuzidisha DNA, wanasema ndo inambeba mtu akiomba masta. Shida vitendanishi (kemikali za kufanyia kipimo) vya PCR vinaagizwa nje, kuna waliotutangulia walisubiri mpaka semista ikaisha. Sasa hii ya muhogo si itaonekana ni ya watu wa lishe? Baiokemia iko wapi hapo?

mzee_wa_bufa:
Mdogo wangu, imejaa humo mpaka inamwagika. Linamarini, kemikali ya muhogo inayobeba sianidi, inakaa ndani ya vakuoli (kifuko cha ndani ya seli), kimeng'enya (enzaimu) chake linamarasi kiko kwenye ukuta wa seli, havikutani mpaka muhogo ukwanguliwe au utwangwe. Vikikutana glukosi inang'oka, kinachobaki kinavunjika kinatoa sianidi. Ndo maana vipande vikubwa vilivyoanikwa tu juani vinabaki na sumu nyingi kuliko muhogo ulioloweshwa siku kadhaa, vinakauka kabla enzaimu haijamaliza kazi.

Halafu ifuate mwilini: sianidi inakaba saitokromu c oksidesi, enzaimu ya mwisho wa mnyororo wa elektroni kwenye mitokondria, pale seli inapotumia oksijeni kupata nguvu, ile topiki watu wanakariri na kusahau. Enzaimu ya mwilini iitwayo rodanesi inaigeuza kuwa thiosianeti, yenye sumu kidogo, inatoka na mkojo, ila inataka salfa, na salfa inatoka kwenye methionini na sisteini, yani protini. Sasa mtu wa kijijini ukame umempiga, anakula muhogo mchungu asubuhi na jioni, samaki hana maharage hana, hapo ndo ugonjwa wa konzo unaingia, miguu inapooza ghafla na hairudi kama zamani. Nampula kule Msumbiji mwaka 1981 walipata zaidi ya watu 1,000, wengi watoto na kina mama. Tanzania na Congo pia imetokea. Ukiniuliza mimi, hakuna projekti yenye baiokemia kuliko hiyo.

kijana_wa_jeni:
Naheshimu mchango wa mzee ila tusimdanganye dada, masta nyingi za molekula wanauliza kama umewahi kushika PCR. Tafuta hata mafunzo mafupi likizo. Ila projekti chagua ile utakayoimaliza kwa mikono yako, hapo nakubali.

mwl_praktiko:
Nafundisha maabara, niongezee upande wa vipimo. Tumia karatasi za pikreti, njia aliyoiboresha Howard Bradbury wa Australia. Miligramu 100 za unga kwenye kichupa, bufa (myeyusho unaoshikilia pH) ya pH 6 na linamarasi, karatasi ya pikreti ya njano inaning'inia juu bila kugusa maji, unafunga mpaka kesho yake. Sianidi ikiwepo njano inageuka kahawia. Iloweshe karatasi kwenye mililita 5 za maji, soma absobansi (kiasi cha mwanga kinachofyonzwa) 510 nm kwenye spektrofotomita, zidisha kwa 396 unapata ppm, yani miligramu za sianidi kwa kilo ya unga. Kikomo cha FAO na WHO kwa unga ni 10 ppm.

Usiache blanki, kichupa cha kulinganishia kisicho na unga, na kila sampuli irudie mara tatu, wanafunzi wengi wanaangukia hapo kwenye utetezi. Na asidi ya pikriki, inayotengeneza hizo karatasi, ISIKAUKE, ikikauka inalipuka, muombe fundi maabara akuandalie.

binti_maabara:
Asante sana mwalimu, na mzee pia. Linamarasi nayo si itabidi iagizwe?

mwl_praktiko:
Hapana, majani machanga ya muhogo yanayo ya kutosha. Saga na bufa ya baridi, chuja, zungusha kwenye sentrifuji, yote kwenye barafu. Ukipata p-nitrofenili glukosidi, kemikali ya kupimia enzaimu, unapima na Km kabisa (kiwango cha kemikali ambapo enzaimu inafikia nusu ya kasi yake), enzaimu inaikata maji yanageuka njano unasoma 405 nm, na hiyo ni sura nzima ya ripoti ambayo hakuna atakayekwambia ni ya lishe.

Kingine, gawa unga uleule mara mbili. Nusu moja ichanganye na maji, tandaza tabaka nyembamba masaa 2 juani au 5 kivulini, ndo upime tena. Ukiona ppm zimeshuka, waliokuuzia unga wapelekee majibu.

binti_maabara:
Nimeelewa. Jumatatu naenda kwa supavaiza kumwambia nachukua ya muhogo, nitaanza na makopa maana ndo yaliyojaa soko la huku kwetu.